Safari tatu za kupata namba za gari za mwanajeshi wa zamani, Texas

Tangu mwezi uliopita gari langu lina vibao vya namba vya wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu kazini, na sitaficha kwamba jioni mbili za mwanzo nilitoka nje kuvitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe. Nilizaliwa Mombasa, nikajiunga na jeshi la Marekani nikiwa na kadi ya ukaazi tu, nikafunzwa mizinga huko Fort Sill, Oklahoma, na zawadi niliyorudi nayo ni masikio yanayolia usiku kucha pamoja na bega lisilopenda baridi.

Shemeji yangu, ambaye hajavaa gwanda hata siku moja, aliniambia kwamba cheti cha kuacha jeshi kinatosha. Nikakipeleka cheti hicho, DD 214, kwenye ofisi ya kodi ya kaunti, ambayo huku ndiyo husajili magari, kikiwa ndani ya jalada la plastiki kama cheti cha ndoa. Yule mama wa dirishani alikisoma kwa heshima, akanishukuru kwa utumishi wangu, kisha akanirudishia. Alichotaka ni barua ya Idara ya Wanajeshi wa Zamani inayotaja asilimia ya ulemavu, kwa kuwa namba hizi hutolewa kwa aliyefikisha asilimia 50 au zaidi, ingawa aliyekatwa mguu huanzia 40.

Nami asilimia ninazo, hivyo nilirudi nyumbani nikijua kazi imekwisha. Barua hiyo huchapishwa na mtu mwenyewe kutoka kwenye tovuti ya idara, na kabla ya kuichapisha unaulizwa ni mambo gani yaandikwe humo, kila jambo na kisanduku chake cha kuweka alama. Hapo ndipo ujanja wangu uliponiponza. Nikajiambia kwamba mambo ya fedha zangu na maradhi yangu hayawahusu watu wa magari, nikaondoa alama moja baada ya nyingine, tena kwa raha, mpaka ikabaki barua safi sana iliyothibitisha kwamba niliwahi kuwa mwanajeshi. Nikapanga foleni saa nzima. Yule mama akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaniuliza kwa upole, "Asilimia iko wapi?" Nilikuwa nimeificha mwenyewe.

Safari ya tatu niliacha alama zote mahali pake, nikajaza fomu, nikalipa kama dola 3 hivi, yaani pungufu ya bei ya kahawa, na nikatoka na vibao viwili, cha mbele na cha nyuma. Anayetaka kufuata njia hii asome barua yake neno kwa neno kabla ya kuwasha gari.

Shemeji hakukoma. Alisema kwamba sasa naweza kuegesha kwenye nafasi za walemavu popote pale. Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuingiza pua ya gari dukani, kwenye nafasi yenye mchoro wa kiti cha magurudumu, nilipokumbuka kwamba kibao changu hakina mchoro huo. Sheria ya Texas ilibadilika tangu Januari 2022: kibao cha mwanajeshi wa zamani kisicho na alama hiyo hakikupi nafasi hizo, na alama yenyewe huombwa na mtu mwenye tatizo la kutembea lililothibitishwa. Faini yake huanzia dola 500. Masikio yangu yanalia, lakini miguu haina kosa, basi nilirudi nyuma nikaegesha mbali, juani.

Ninachofaidi ni mita za serikali za kuegesha barabarani, ambazo gari lenye namba hizi halizilipi. Jumamosi iliyopita tulikwenda mjini na shemeji, kila mtu na gari lake, tukaegesha tukifuatana. Mimi nikasimama kivulini nikimngoja atafute sarafu.