Nilivyounda fremu ya kibanda cha kuvulia samaki kwenye barafu

Kwa walio kwenye joto ngoja nieleze kwanza, huku Minnesota, Marekani, baridi ikikolea maziwa yanaganda mpaka watu wanapita juu yake na pikapu, wanavuta kibanda kama tela, wakifika kinashushwa kinalala chini kabisa kwenye barafu, mnatoboa kupitia matundu ya sakafuni na mnavua mkiwa ndani na hita. Vya dukani bei zake unaziona unarudi nyumbani, na mimi kazi yangu ni kuchomelea, basi nikasema fremu naunda mwenyewe gereji.

Nilianza na matundu, chuma baadaye. Nikachora sakafu nzima kwa chaki pale chini, futi 6 na nusu kwa 14, nikaweka kitanda, hita, mlango, halafu ndo nikapanga matundu sita, hakuna hata moja kwenye njia ya mlango maana usiku mtu atatumbukiza mguu. Vyuma vya kukatisha vikafuata matundu, karibu kila inchi 24, penye tundu nasogeza. Upana nao una sababu, magurudumu yanakaa nje ya kibanda, na barabarani mwisho ni futi 8 na nusu.

Skwea paipu nilichukua ya inchi 2 kwa 3, unene moja ya nane ya inchi. Kuna watu wanapenda chuma kinene mimi sioni faida, uzito wote huo unabebwa na barafu. Idara ya maliasili ya jimbo inashauri barafu ya unene wa inchi 4 kwa mtu wa miguu na 13 kwa pikapu ya kati, tena ile barafu ngumu inayoonyesha ndani kama kioo, nyeupe ya theluji wanasema uzidishe mara mbili. Nilichomelea kwanza vidoti vidogo vya kushikilia tu fremu nzima, nikapima kona kwa kona, zilipolingana ndo nikachomelea kwa kuruka upande huu na ule, ukikomaa upande mmoja moto unavuta fremu inapinda. Chini ya paipu nikatoboa vijitundu, maji yakiganda humo ndani paipu inapasuka.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye magurudumu. Ekseli haiwezi kupita chini kutoka upande mmoja hadi mwingine, kibanda kisingelala. Kwa hiyo kila gurudumu lina mkono wake wa chuma, umeshikwa na pini nene kwenye fremu, winchi, ile mashine ya kuzungusha kwa mpini, ikivuta waya mkono unasukumwa chini kibanda kinanyanyuka, ukilegeza kinashuka. Winchi ni ya breki, ile isiyo na breki mpini ukikuponyoka unazunguka kama feni na unakuvunja mkono wako. Kikishanyanyuka unapitisha pini ya kufungia, uzito ukae kwenye pini, waya upumzike, mashimo ya barabarani waya hauyawezi.

Mkono ukishuka gurudumu linahama kidogo, kwa hiyo uwiano wa uzito wa mbele na nyuma unaupima kikiwa kimefungwa pini ya safari. Pale mbele panapokaa kwenye gari panatakiwa pabebe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, pakiwa pepesi tela linayumba barabarani. Mizani yangu ya bafuni isingefika, nikalaza mbao, ncha moja kwenye tofali ncha nyingine kwenye mizani, mzigo nikauweka futi 1 kutoka tofali na futi 2 kutoka mizani, namba inayosoma unazidisha mara 3. Ilikuja nyepesi, nikasogeza betri na mtungi wa gesi mbele ikakaa sawa.

Shemeji yangu wa Mwanza nilimpigia video nikiwa kwenye ziwa letu la Mille Lacs, mtu kazoea dagaa wa taa usiku, akaniuliza, "Sasa shemeji, mnawasha moto juu ya barafu mna akili kweli?" Swali sio baya, joto linayeyusha chini ya fremu halafu inaganda tena inashika chuma, ndo maana tunalaza vipande vya mbao chini kabla ya kushusha. Na kifaa cha kunusa monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kiwepo ndani, hita ya gesi kwenye kibanda kilichozibwa inaua kimyakimya.

Kwa ziwa letu, ikipita Jumatatu ya kwanza ya Machi huruhusiwi kukiacha usiku bila mtu, kwa hiyo mbao zile ziwe rahisi kugongwa zitoke.