Liki si kitunguu maji: panda kwenye shimo

Sokoni mnunuzi wa liki, mboga ya jamii ya vitunguu, haangalii majani. Anaishika chini, anapima kwa jicho sehemu nyeupe, akiona ni fupi kama kidole anairudisha kwenye fungu. Weupe huo hauletwi na mbolea. Unaletwa na giza: sehemu iliyofukiwa haipati mwanga, kwa hiyo haifanyi ukijani, inabaki nyeupe na laini. (Tunaiita shina, ila ukiipasua utaona ni vitako vya majani vilivyokumbatiana, shina lenyewe ni kile kisahani kidogo kinachoshika mizizi.) Anayeipanda juujuu kama kitunguu maji atavuna majani mengi na weupe kiduchu, hata akimwaga samadi ya zizi zima.

Liki hupenda ubaridi, ndiyo maana inakubali Lushoto, Njombe, miteremko ya Meru na Limuru. Pwani haifi, lakini hubaki nyembamba.

Kwa tuta la mita 1.2 kwa mita 3 unahitaji miche 80 hivi: mistari minne iliyoachana sentimita 30, na sentimita 15 kati ya mche na mche. Nusu gramu ya mbegu inatosha na ziada, kwa kuwa gramu moja ina mbegu kati ya 350 na 400. Pakiti ya dukani huwa na zaidi ya hapo, basi gawana na jirani msimu huohuo. Mbegu za jamii ya vitunguu huchoka upesi. Za mwaka juzi zikiota nusu, shukuru.

Kitalu kiwe mahali ambapo havikukaa vitunguu wala saumu. Chora vifereji vya kina cha sentimita 1, vilivyoachana sentimita 10, dondosha mbegu mojamoja, fukia, mwagilia kwa keni yenye tundu ndogo, kisha tandaza nyasi kavu. Mbegu huchomoza kati ya siku ya 10 na ya 14, zikiwa zimejikunja kama kipini cha nywele. Hapo nyasi zitoke siku hiyohiyo, maana ukichelewa miche itarefuka na kulala. Punguza ibaki sentimita 2 kati ya mmoja na mwingine. Wengi huona huruma kung'oa, mwishowe wanakuwa na miche kama nyuzi.

Subira ndiyo inayowashinda watu hapa. Mche haupandikizwi mpaka uwe mnene kama penseli na urefu wa sentimita 20, na hilo huchukua wiki 8 hadi 10, kwenye baridi kali hata 12. Ukitaka kuzikuta mvua za masika mwezi Machi, sia mbegu mwanzoni mwa Januari. Mche mwembamba ukitumbukizwa kwenye shimo refu, majani yake hayafiki juu. Mvua ya kwanza ikisomba udongo, unazikwa.

Wakati miche inakua, andaa tuta. Lima kwa kina cha sentimita 25 hadi 30, changanya debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita moja ya mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta sota, wale viwavi wanaokata miche usiku. Udongo wa milimani unaonyeshewa mvua sana huwa na tindikali, ambayo liki haiipendi. Majivu ya kuni, konzi moja au mbili kwa mita ya mraba, husaidia. Tuta lililotoka viazi mviringo ni zuri kuliko yote kwa sababu limeshachimbwa na kulegea.

Siku ya kupandikiza, mwagilia kitalu asubuhi, ngoja jua lipungue, nyanyua miche kwa jembe uma. Usiivute, mizizi itabaki ardhini. Punguza mizizi ibaki sentimita 3, ili iingie shimoni bila kujikunja. Kuhusu majani kuna ubishi wa siku zote; wengine hukata nusu nzima. Jani ndilo jiko la mmea, kwa hiyo kata ncha tu, zile ambazo zingelala chini na kuoza.

Vuta kamba. Chukua mti mnene kama mpini wa jembe, uchonge ncha butu, utie alama kwenye sentimita 15. Uzamishe hadi kwenye alama, uzungushe shimo lipanuke kufikia sentimita 4 au 5, uuchomoe. Dondosha mche mmoja huku ukiuzungusha kidogo, mizizi iguse chini. Halafu jaza shimo maji, basi. Usifukie wala usishindilie. Maji yatashusha udongo kidogo juu ya mizizi, na huo unatosha; sehemu iliyobaki itajijaza yenyewe polepole wiki zijazo, huku mche ukinenepa ndani ya nafasi yake. Shimo likishindiliwa, mche hukosa pa kutanukia.

Kama tuta ni la mchanga na shimo hubomoka kabla mche haujaingia, loanisha tuta siku moja kabla ya kupandikiza. Kwenye mfinyanzi ni kinyume: ukitoboa ungali na maji, kuta za shimo hulainishwa na kukauka kama chungu, mizizi inazunguka humo humo. Udongo wa namna hiyo afadhali uchimbiwe mfereji wa sentimita 15, upange miche ndani, uurudishie udongo kidogo kidogo.

Baada ya wiki 4 weka CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kifuniko kimoja cha soda kwa kila mita moja ya mstari, mbali kidogo na mche, kisha mwagilia. Rudia baada ya wiki 6. Usizidishe: jani lililonona kwa naitrojeni huwa laini, na kutu, zile chunusi za rangi ya machungwa, hulipenda mno.

Mashimo yakishajaa, anza kuinulia udongo mkavu, sentimita 5 kwa mara moja, kila wiki 2 au 3. Mwisho ni pale majani yanapogawanyika, usipite. Udongo ukiingia hapo hushuka katikati ya matabaka, na mlaji atautafuna. Asiyetaka kazi ya jembe aufunge mmea kwa ganda kavu la mgomba. Weupe unapatikana vilevile.

Kiangazi chunguza makwapa ya majani. Madoa ya rangi ya fedha ni kazi ya thripsi, vidudu vyembamba kuliko uzi. Nyunyiza maji yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, ukilenga humo kwapani. Ukiona majani yanageuka njano na chini kuna ukungu mweupe kama pamba wenye vijidonge vyeusi, hiyo haina dawa ya bustanini. Ng'oa, choma, usiitupe kwenye mboji, na vitunguu vya aina yoyote visirudi hapo: vijidonge hivyo huishi udongoni zaidi ya miaka 10. Tuta lenye afya nalo lipumzike jamii hiyo miaka 3 au 4.

Kuvuna huanza miezi 4 hadi 5 tangu kupandikiza, shina likiwa na unene wa sentimita 3. Legeza kwanza kwa jembe uma, usivute kwa nguvu litakatika. Chukua za mchuzi wa leo tu, nyingine zitasubiri ardhini kwa wiki kadhaa. Ila ile inayotoa bua gumu la ua katikati ing'olewe kwanza. Ipasue, tupa bua, majani ya pembeni bado yanapikika.