Nilivyohesabu mitambo ya upepo ya Kenya kwa vivuli vyake

Nilianzia Ngong kwa sababu kule nafika kwa matatu. Jumamosi nzima nilitembea mgongoni mwa vilima, simu mkononi, nikiweka nukta moja kwa kila mnara kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga kondoo alinitazama weee, mwishowe akaniita.

"Kijana, unampimia nani shamba?"

"Simpimii mtu, mzee. Nahesabu hii mitambo."

"Kwani wenyewe hawajui iko mingapi?"

Wanajua, bila shaka. Ila kujua idadi si kujua kila mmoja umesimama wapi, na hilo ndilo nililotaka lipatikane bure kwa yeyote. Ngong ilinipa 30, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 25.5. Hesabu ikakubali.

Ziwa Turkana ndiko nilikotoka jasho, tena nikiwa nimeketi nyumbani. Jioni ya kwanza niliipoteza nikipekua picha za setilaiti upande wa Lodwar, magharibi ya ziwa. Jina lilinidanganya: mitambo ile iko mashariki ya ziwa, kaunti ya Marsabit, si mbali na Loiyangalani. Nilipopapata, picha niliyoitumia ilikuwa ya kabla ya minara kusimikwa, nikaona barabara na viwanja vya udongo mtupu tu. Ilibidi nitafute picha mpya zaidi ambayo leseni yake inaruhusu kuchorea. Kunakili kutoka ramani za kampuni ni mwiko.

Mnara wenyewe ukiutazama kutoka juu ni uzi mweupe. Kinachouumbua ni kivuli. Picha nyingi hupigwa asubuhi kabla ya adhuhuri, hivyo vivuli hulalia magharibi: mwezi wa Juni vikivutwa kusini, Desemba kaskazini. Nami nilikuwa nakosea nikiweka nukta kwenye mbawa. Setilaiti ikipiga picha kwa mshazari, mnara huonekana umeinama, na kile kichwa kinakuwa mita kadhaa kando ya shina. Nukta inakaa pale kivuli kinapoanzia. Nilirudia safu nne nzima kwa kosa hilo.

Safu zenyewe zilinirahisishia kazi. Upepo wa kule huvuma karibu kila siku kutoka kusini-mashariki, ukibanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, kwa hiyo mitambo imepangwa mistari inayoukabili. Ukipata miwili, wa tatu unaukisia.

Nikamaliza na 367. Mradi una 365! Kilowati 850 mara 365 ni megawati 310, idadi inayojulikana, kwa hiyo mwenye makosa ni mimi. Usiku wa pili wa kusaka ndipo nilipoona vivuli viwili vyembamba visivyo na mbawa: milingoti ya kupimia upepo. Nikaifuta kwenye mitambo, nikaiandika kama milingoti.

Kipeto, huko Kajiado, niliimaliza kwa jioni moja. Mitambo 60, na mbawa zake huzunguka kwenye duara la mita 103, karibu mara mbili ya zile za Turkana, hata kivuli chake hukipotezi.

Sasa nimebaki na miwili ya kwanza ya Ngong, msaada wa Ubelgiji wa mwaka 1993. Natafuta picha ya zamani inayoonyesha mahali ilipokuwa. Aliye nayo anipe.