Nilivyotoka ubaoni hadi kwenye vikao vya bajeti

Katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, mtahiniwa mwenye uoni hafifu hupewa karatasi iliyokuzwa maandishi na huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Utaratibu huo upo, na Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likiutangaza. Mimi nilikuwa nafundisha Hisabati kwenye shule ya kawaida, madarasa yamefurika, na karatasi hiyo kubwa mwanzoni sikuwahi kuiona ikifunguliwa pale kwetu. Watoto wa kuitumia walikuwepo. Tatizo ni kwamba haiji kwa huruma ya msimamizi siku ya mtihani. Inakuja kwa sababu kuna mtu, miezi mingi nyuma, alijaza kwenye usajili kwamba mtoto huyu ana uoni hafifu. Asipojaziwa, anapewa maandishi yale yale na dakika zile zile kama wenzake, na matokeo yakitoka watu wanasema kichwa chake kizito.

Utetezi wangu wa haki za watu wenye ulemavu ulianzia hapo, kwenye fomu, na mpaka leo naiona kuwa kazi ya fomu kuliko ya hotuba.

Aliyenisukuma alikuwa binti mwenye ualbino. Alikaa dawati la mbele, ubavuni mwa dirisha, na kila aliyeingia darasani aliona amepangwa pazuri. Wengi wakisikia ualbino wanawaza ngozi: kofia, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Hayo ni ya lazima, hakuna mjadala. Lakini darasani kinachomwangusha mtoto ni macho. Yanachezacheza bila yeye kutaka, mwanga unayaumiza, na ubao ulio hatua chache mbele yake ni ukungu mtupu. Dirisha lile lilikuwa linamuumiza tu.

Alikuwa na mbinu yake. Anasubiri jirani yake amalize kunakili, kisha anavuta daftari la jirani mpaka linakaribia kugusa pua, anainamisha kichwa upande mmoja, anaandika. Matokeo yake kila siku alikuwa nyuma kwa zoezi zima, na makosa ya jirani alikuwa anayarithi. Siku moja nasahihisha, naona wote wawili wamekosa kwa namna moja, isipokuwa huyu kakosa zaidi: jirani alikuwa anaandika 6 yenye mkia mfupi sana, naye akawa anainakili kama 0. Kukokotoa alikokotoa vizuri kabisa, ila kwa namba ambazo hazikuwepo ubaoni.

Nikamhamishia upande wenye kivuli. Nikawa nasoma kwa sauti kila ninachoandika, na mazoezi yake namwandikia pembeni kwa kalamu ya wino mzito. Mambo hayo hayana gharama, na mwalimu yeyote anaweza kuyaanza kesho asubuhi. Wapo walioshauri, tena kwa nia njema, apelekwe shule ya wasioona akajifunze nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole. Watoto wengi wenye ualbino wamepitishwa njia hiyo, na baadhi yao ukiwatembelea unawakuta wanazisoma zile nukta kwa macho, maana kuona wanaona! Mama yake alikataa, nami nikamuunga mkono. Maandishi makubwa na darubini ndogo ya mkononi vingemtosha.

Usajili wake niliufuatilia mwenyewe: cheti cha daktari wa macho, mwalimu mkuu, ofisi ya elimu, nenda rudi. Karatasi iliyokuzwa ikaja. Baada ya hapo wazazi wakaanza kunitafuta hata nyumbani, mmoja akimleta mwingine: mwenye mtoto kiziwi, mwenye mtoto asiyetembea, mwenye mtoto ambaye hata jina la hali yake hajawahi kuambiwa. Nilipofikisha miaka 55 nikastaafu kwa hiari. Sheria inaruhusu, na nilijua nikingoja 60 nguvu za kupanda bodaboda kwenda vijijini zitakuwa zimepungua.

Viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu wa wilaya yetu waliniomba niwe mwandishi wao. Nafasi hiyo niliipenda kwa sababu inaniweka mahali pangu. Mimi sina ulemavu. Mbele ya madiwani anasimama mwenyekiti wetu, anayetumia kiti mwendo. Mimi nakaa nyuma na makabrasha, naandika, napiga hesabu, napitisha kikaratasi takwimu ikihitajika. Mara kadhaa mheshimiwa aliyeongoza kikao amemruka mwenyekiti akanigeukia mimi: "Mwalimu, hebu tueleze." Namjibu, "Mheshimiwa, msemaji ni mwenyekiti," kisha nanyamaza. Kunyamaza kwa mtu aliyezoea kusema kutwa mbele ya darasa ni kazi kuliko inavyodhaniwa.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Humo mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuhakikisha angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na zimewekwa kamati kuanzia kijiji na mtaa kwenda juu. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mwanzoni tulikuwa tunaingia vikaoni na vifungu hivi tukivisoma kama risala. Tulisikilizwa kwa heshima zote na kurudi mikono mitupu.

Kilichobadilisha mambo ni kalenda. Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, tunaalikwa, kuna maturubai na ngoma, mgeni rasmi anaahidi. Wakati huo huo makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai yanakuwa tayari yanapikwa ofisini, na madiwani huyapitisha miezi michache baadaye. Ahadi ya jukwaani isiyoingia kwenye makadirio hayo haina mahali pa kulipwa. Sasa maombi yetu tunayapeleka mapema, wakati vijiji vinaibua miradi yao, kupitia mkutano wa kijiji au mtaa ili yapande na muhtasari wake, yakiwa na idadi, shule, na gharama kwa kila kifaa. Mchumi wa halmashauri hana haja ya kuguswa moyo. Anataka namba ya kuweka kwenye safu.

Halafu pesa ikitoka, usilale. Jengo moja la umma lilikuwa linamaliziwa, tukaenda kuangalia njia ya mteremko ya viti mwendo, ambayo mafundi huiita rampu. Fundi alikuwa ameshaichora chini kwa kamba: mita moja na nusu. Nikapima kimo cha sakafu kutoka chini: sentimita 45. Kanuni inayotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Nikachukua chaki, nikamwandikia kwenye ukuta mbichi: 45 × 12 = 540. Mita tano na nusu kasoro kidogo. "Mwalimu, hiyo si itafika barabarani?" Basi mwenyekiti akaomba mbao mbili ziegeshwe kwenye mteremko ule ule aliouchora fundi, akajaribu kupanda. Magurudumu ya mbele yakanyanyuka, vijana wakamdaka. Fundi akakuna kichwa, akaikunja rampu kwa kona moja kandokando ya ukuta, ikatosha bila kufika barabarani.

Eneo ambalo bado tunashindwa ni lugha ya alama. Utakuta kikao kimewaalika viziwi, chai ipo, posho ipo, mkalimani hayupo. Mjumbe kiziwi anasaini mahudhurio, anakaa saa tatu akitazama midomo ya watu, anaondoka. Kwenye taarifa anahesabiwa kuwa alishiriki. Tumeanza kudai posho ya mkalimani iandikwe kwenye bajeti ya kikao chenyewe, kwenye mstari mmoja na ukumbi, na pale isipoandikwa mwakilishi wetu kiziwi hasaini. Maofisa wengine hawajaupenda uamuzi huo. Binafsi nautetea, kwa sababu bila saini yake taarifa inabaki na pengo ambalo lazima mtu alitolee maelezo.

Mwaka huu ombi letu la darubini za mkononi na vitabu vya maandishi makubwa lilikatwa wakati wa kubana matumizi. Tumeliandika upya, safari hii likiwa na majina ya shule na idadi ya wanafunzi waliopimwa macho katika kila moja, na limeshaingia kwenye mihtasari ya vijiji.