Maelezo ya zana ya wapokeaji, na mwalimu aliyekwisha kujiondoa

Mwezi uliopita niliandika maelezo ya zana ambazo wakala wa akili unde, yaani programu inayojitekelezea kazi iliyoagizwa, huzitumia kuongeza, kusahihisha na kufuta watu katika orodha ya barua pepe ya duka moja la vitabu hapa Morogoro. Ukiitazama, kazi yenyewe ilikuwa ndogo: zana nne, kila moja ikiwa na jina, aya fupi ya maelezo na skima ya JSON, yaani muundo wa maandishi unaosomeka na programu, inayotaja vigezo vyake (taarifa ambazo zana huhitaji kupewa), zote zikiwasilishwa kwa MCP, itifaki ya kuunganisha wakala na zana ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024. Zana ya kwanza niliieleza hivi: "Huongeza mpokeaji kwenye orodha." Niliiona sentensi hiyo kuwa sahihi na nikaendelea na nyingine.

Siku ya majaribio mwenye duka alimpa wakala jedwali la watu 38 walionunua vitabu, akamwagiza awaingize wote, naye akawaingiza wote na kila mmoja akamwekea hali ya "amejiunga". Miongoni mwao alikuwamo mwalimu mmoja ambaye alikuwa amejiondoa miezi kadhaa nyuma. Kwa kuwa anwani yake ilikuwamo tayari, zana haikuunda mpokeaji mpya, bali ilifuta hali yake ya zamani, ikaweka mpya na kumfanya aonekane kuwa ameridhia upya. Niliyaona hayo kwa sababu nilikuwa nikisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Vinginevyo angepokea tangazo la Ijumaa baada ya kukataa waziwazi.

Karani wa dukani angesita na kuuliza, "Huyu si alishakataa?" Wakala hana mwenzake wa kumnong'oneza, na wakati wa kuchagua zana, anachokijua kuihusu ni yale tu tuliyomwandikia. Kwa hiyo niliifuta ile sentensi na kuandika hivi: "Huongeza mpokeaji mpya. Kama anwani imo tayari, haibadilishi hali yake, bali hurudisha hali iliyopo na tarehe ilipowekwa. Usijaribu kumrudisha aliyejiondoa hata kama yumo katika kundi uliloagizwa kuliingiza. Mtajie aliyekupa kazi anwani hiyo, kisha endelea na wengine. Kununua kitabu hakuhesabiki kuwa ni kuridhia kutumiwa matangazo." Niliibadilisha na programu yenyewe ikatae, kwa sababu maelezo humwelekeza wakala lakini hayamfungi mikono, na haki ya mtu haifai kulindwa kwa aya peke yake.

Muda mwingi zaidi niliutumia kwenye kigezo cha hali, ambacho kina thamani nne: amejiunga, anasubiri kuthibitisha, amejiondoa, na anwani imekufa. Mbili za mwisho hufanana kwa kuwa wote wawili hawatumiwi barua, na wakala aliyeambiwa "safisha orodha" atazifuta zote pamoja akiamini ametenda vyema. Lakini anwani hufa kwa sababu seva ya upande wa pili imeirudisha barua, ilhali kujiondoa ni uamuzi wa mtu. Ukiifuta rekodi ya aliyejiondoa, umefuta kumbukumbu pekee ya kukataa kwake, na jedwali lijalo litamwingiza upya kama mgeni. Nililiandika hilo kwa urefu katika maelezo ya zana ya kufuta, pamoja na kuiwekea alama ya uharibifu, inayoonya kuwa zana inaweza kufuta au kuharibu data, mojawapo ya alama zilizoongezwa kwenye MCP katika toleo la Machi 2025. Itifaki yenyewe huzihesabu alama hizo kuwa ni dokezo tu, na nadhani ni sawa kuzichukulia hivyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika hapa Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Masharti ya Gmail ya Februari 2024 kuhusu kujiondoa kwa mbofyo mmoja huwahusu wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani za Gmail, na duka letu haliwafikii. Lakini sheria ya Tanzania inalihusu.

Ujumbe wa hitilafu nao ni sehemu ya maelezo, jambo ambalo nilichelewa kulitambua. Zana ilipojibu "anwani si sahihi" bila neno jingine, wakala alijisahihishia mwenyewe anwani iliyoandikwa kwa makosa, akabadilisha herufi mbili na kuituma tena, nayo ikakubaliwa, ingawa hakuna aliyejua kama sanduku hilo ni la mteja yule au la mtu mwingine kabisa. Sasa jibu husomeka hivi: "Anwani hii haikubaliki. Usikisie iliyo sahihi. Muulize aliyekupa kazi."

Yule mwalimu nilimrudishia hali yake siku ile ile. Tarehe ya kujiondoa niliitoa katika nakala ya akiba, nikaiandika kama ilivyokuwa kabla ya jaribio.