Mashina 806

Wapimaji walifika kijijini kwetu, Mbozi, mwezi wa saba 2006, kahawa ikiwa imeiva nusu na baridi ya asubuhi ikikata vidole. Tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Songwe ilikuja kuzaliwa 2016. Wilaya yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kujaribiwa hatimiliki za kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kwa hiyo vijana wenye kipimo cha mkononi cha GPS kukatiza mashambani halikuwa jambo geni tena. Jambo geni lilikuwa mwanamke wa miaka 47 kuwafuata nyuma na kibuyu chenye punje za mahindi.

Mama alianza kuhesabu siku mbili kabla yao. Babu aliipanda kahawa ile kwa futi 9 kwa 9, nafasi waliyofundisha mabwana shamba wa zamani. Kwa nafasi hiyo ekari moja inameza mashina 538, tuseme 540. Huhitaji kamba wala karani, unahitaji macho na subira. Alipita mstari kwa mstari, kila mstari punje moja kibuyuni. Mistari 26, kila mmoja mashina 31. Jumla 806, yaani ekari moja na nusu. Baba alikuwa akisema ekari mbili tangu nipate akili, kwa kuwa babu alisema mbili, na babu naye sidhani kama aliwahi kupima.

Wengi wanaohesabu hivi hukosea kwa kuruka mapengo. Shina likifa kwa mnyauko, au likang'olewa kupisha mgomba, nafasi yake bado ni futi 81 za mraba na bado ni yako. Ruka mapengo 50 umejinyang'anya karibu sehemu ya kumi ya ekari. Mama kila pengo alilihesabu kama shina, akilikanyaga kabisa kwa mguu.

Siku ya kupima, utaratibu ni kuzunguka mpaka kona kwa kona. Majirani wote mnaopakana nao sharti wawepo, kila mmoja asimame upande wake na kukubali mbele ya watu. Mwaka mmoja baadaye asije akasema alikuwa mnadani. Wajumbe wa baraza la ardhi la kijiji nao walikuwepo. Baraza hilo kisheria lina watu 7, na 3 kati yao ni wanawake. Wetu watatu walikaa pamoja kwenye gogo, kimya, khanga zimefungwa hadi masikioni kwa baridi.

Kona ya upande wa baba mdogo iko chini ya mparachichi mkubwa. Kipimo kile hufanya kazi kwa kuona anga. Chini ya majani mazito namba zinacheza, mita tano, saa nyingine kumi, na dawa yake ni kungoja zitulie au kusogea penye uwazi kisha kumalizia kwa futi ya kamba. Kijana alikuwa na haraka, akachukua namba ya kwanza iliyotokea. Baba mdogo naye alikuwa amesimama hatua kadhaa ndani ya shamba letu, mikono nyuma, kama mtu anayeota jua.

Jioni, darasani ambako fomu zilikuwa zikijazwa, ikasomwa: ekari 1.3.

"Mistari mitatu imebaki nje," mama akasema. Akamwaga punje mezani, akatenga tatu.

Baba mdogo akacheka. "Shemeji, mwanamke hana shamba, ana jembe."

"Basi jembe ndilo limehesabu."

Mpimaji alichukua kalamu, akazidisha 3 kwa 31, kisha kwa 81, akagawa kwa futi za mraba za ekari, 43,560. Alinyamaza kidogo, akakunja karatasi yake. Asubuhi walirudi, wakapima upya kutoka penye uwazi. Ikatoka 1.49.

Mimi nilidhani yameisha. Karani akaanza kujaza jina la baba, na mama akasema, "Na langu."

Hapo ndipo penye uzito wenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina mawili, huchukuliwa kuwa ya wote wawili sawasawa. Mwenye jina hathibitishi kitu. Asiye na jina ndiye anayetafuta mashahidi, tena akiwa kwenye matanga. Mama hakuwa amesoma kifungu hicho. Alikuwa amemwona jirani yake, mjane, akichuma kahawa ya shemejiye kwa kibarua kwenye mashina aliyoyapalilia mwenyewe miaka kumi na minane.

Mzee mmoja akamuuliza mbona miaka yote hakusema.

"Miaka yote nilikuwa na mtoto mgongoni," akajibu. "Sasa mgongo mtupu."

Baba aliangalia dirishani muda mrefu. "Kesho mtanicheka kilabuni," akasema, kisha akavuta kidau cha wino na kuweka dole gumba.

Karani akaandika jina la pili: Mama na jina la kaka yangu. Kosa hilo ni dogo kuliona na kubwa kulirekebisha, maana "Mama fulani" hana kitambulisho, hafungui akaunti, na mahakamani anaweza kuwa mtu yeyote. Mama akamzuia, akataja jina lake la ubatizo na la baba yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuwahi kusikia mtu akilitaja. Nadhani hata baba alikuwa amelisahau, aligeuka.

Hati hutoka nakala tatu, moja ya mwenye shamba, moja ya kijiji, moja ya wilaya, na kila moja hubandikwa picha. Mama hakuwa na picha. Aliuza kuku, akapanda gari hadi Mlowo, akarudi na bahasha ya picha nne.

Tatu zilikwenda kwa mtendaji. Nikamwomba ile ya nne nikae nayo.

"Hiyo ni ya chama," akasema. Kadi ya chama cha msingi cha ushirika, ile malipo ya kahawa yanapopitia, ilikuwa na jina moja.