Siku Jaribio la Python Lilipohamia Kwenye Simu

Umeme ulikatika wakati wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamekwisha kuketi mbele ya kompyuta za maabara, katika chuo kimoja cha Kijitonyama nilikokuwa nikifundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Sikutaka kuahirisha jaribio, kwa kuwa baadhi yao walitoka Mbagala na Gongo la Mboto kwa kupanda daladala mbili. Kompyuta mpakato yangu ilikuwa na chaji, nikaitumia kurusha mtandao wa ndani, wakaunganisha simu zao bila kutumia bando.

Kuandika programu nzima kwa kidole gumba nilikukataa tangu mwanzo. Katika Python, nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari ndizo zinazoonyesha kilichomo ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwarudiwa, na kwenye kibodi ya simu nafasi hizo pamoja na mabano ya mraba huandikwa kwa taabu, hivyo ningepima wepesi wa vidole badala ya fikra. Nilitumia mafumbo ya aina ambayo Dale Parsons na Patricia Haden waliieleza mwaka 2006: mwanafunzi hupewa mistari iliyochanganywa, akaipanga na kuiacha ile ya mtego.

Kazi ilikuwa kutafuta namba kubwa kuliko zote katika orodha. Mistari miwili iligombea nafasi ya kwanza, «kubwa = 0», unaoanza na sifuri, na «kubwa = orodha[0]», unaoanza na namba ya kwanza ya orodha. Simu zilihifadhi kila hatua, nami nikaona jambo ambalo karatasi ya majibu haijapata kunionyesha: nani alianza na kitanzi, nani alisita, nani alibadili mstari wa kwanza mara kwa mara. Binti mmoja alikuwa na kitochi tu. Nilimkatia mistari hiyohiyo kwenye vipande vya karatasi, nikaketi karibu naye na kuandika kila alichosogeza, ili asipimwe kwa kipimo pungufu.

Baadaye kijana mmoja alinifuata.

“Mwalimu, nimeanza na sifuri na programu inatoa jibu sahihi. Mbona nimekosa?”

“Ijaribu kwa hasi tatu, hasi saba na hasi mbili.”

Alifuata mistari kimoyomoyo, kisha akasema kwamba jibu lingekuwa sifuri, namba isiyokuwemo kabisa katika orodha. Hata hivyo aliomba alama zote, kwa hoja kwamba swali halikutaja namba hasi. Tulibishana kwa muda mrefu na kwa heshima. Nilimpa alama za mpangilio, nikamnyima ya mstari wa kwanza, na hadi leo naamini ilikuwa haki.